Nyigu Nyuma ya Bango la Marion

Shangazi Nzilani wa gazeti letu,

Pokea salamu kutoka Kambi Muru, mimi ni Mama Marion, na kabla sijakulilia shida yangu ujue kwamba Marion Adero ni yule binti yangu aliyepata diploma ya afya ya jamii, wa kwanza katika ploti yetu nzima, tena kwa alama nzuri, na siku hiyo nilimtengenezea bango kubwa la plastiki, picha yake ndani ya joho na kofia, nikamwambia kakake Ken aligongelee juu ya mlango, chini ya mabati, ili hata mtu anayepita akienda soko la Toi kuchagua mitumba ajue hapa wanaishi watu wa aina gani.

Sasa shangazi, Ken ana nguvu lakini hana mkono wa pole, bango likapasuka kidogo hapo mdomoni pa Marion, nyigu wakapaona, wakajenga nyuma yake, na huu ni mwezi wa tisa wanaingia na kutoka kwa huo mdomo, yaani ukisimama mlangoni ni kama mtoto wangu msomi anatema nyigu. Wamemdunga msimamizi wa ploti sikioni, wamemdunga Pasta Khamala katikati ya maombi akasema amina kabla ya wakati, mimi mwenyewe huingia kwangu nimejifunika beseni, na jirani yangu Daisy anacheka, "Mama Marion, kumbe hiyo diploma ilikuwa ya kufuga nyigu?" nami namjibu hiyo ni baraka, nyumba yenye masomo hupendwa hata na wadudu.

Shida yenyewe ni kwamba Marion amepata mchumba, Mutuku, Mkamba mpole, fundi wa makochi huko Gatina, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wazazi wake wanakuja kubisha hodi ya posa, na Mutuku ametuambia mamake, Syokau, aliwahi kudungwa na nyuki kule Kitui akavimba koo mpaka akabebwa hospitali. Mzee wangu Jeconia alisema nitoe bango, nikakataa, akasema basi achome hao wadudu kwa gazeti na mafuta taa, hapo nikaona ameongea la maana, lakini Marion akapiga kelele, "Mama! Moto, na plastiki, na nyumba zimebanana hivi? Mtamaliza Kambi Muru yote!" Yeye tangu mwanzo huniambia wapuliziwe sabuni asubuhi na baridi halafu bango litoke, lakini shangazi, mtoto ni mtoto, ndiyo nikaona niulize mtu anayejua. Jana amesema, "Bango ama wakwe, chagua," na nisikufiche, nilianza kupima kwanza. Nisaidie nyigu wahame na bango libaki, kwa sababu hao wageni wakikosa kuliona, watajuaje?

Mama Marion, Kambi Muru

*

Mama Marion,

Hongera, na inatoka moyoni. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshika kichwa. Una mtu aliyesomea afya ya jamii, anakupa jibu miezi tisa akiwa amekaa kando ya jiko lako, nawe unamruka kuja kuniuliza mimi ambaye diploma sina? Umemtundika mtoto mlangoni, kumsikiliza umekataa.

Mwambie Jeconia mafuta taa yarudi kwenye taa. Marion amesema ukweli. Na huyo Syokau akidungwa tena anaweza kufa mlangoni pako, kwa hivyo hapo tuache kucheka.

Usingoje Jumamosi. Kesho alfajiri, nyigu wakiwa wazito kwa baridi, Ken avae mikono mirefu, glavu, soksi juu ya suruali na kipande cha neti ya mbu usoni, kama yeye hajawahi kuvimba vibaya akidungwa. Daisy na watoto wafunge mlango wao. Apulizie maji yenye sabuni nyingi kupitia huo mdomo mpaka kuwe kimya kabisa, ndipo ang'oe misumari, akwangue kiota na kuosha pale. Lakini akichungulia kabla ya kupulizia aone kiota kinapita sahani kwa ukubwa, ashuke, mtafute mtu wa kazi hiyo. Halafu mzibe matundu chini ya mabati, na kila wiki uinue macho: kiota kikiwa kidogo kama shilingi, hakitakushinda kwa fagio.

Bango lioshe, ulizibe mdomo kwa selotepu, ulitundike ndani, libane na ukuta, mkabala na viti. Wageni watakaa hapo masaa matatu wakila chapo. Wataangalia wapi kwingine?

Na Syokau akishaketi, kabla hujaanza kusimulia alama, mwambie hivi: "Mlango huu ulikuwa na nyigu. Huyu anayekumiminia chai ndiye aliyetufundisha kuwatoa, kwa ajili yako." Kisha unyamaze, Mama Marion. Najua itakuwa ngumu.

Shangazi Nzilani