Maswali Pembeni mwa Kitabu cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Muswada wa kitabu changu juu ya mama umerudi kutoka kwa mhariri. Wino mtupu! Miaka thelathini na mbili nimefundisha lugha, nimestaafu kwa heshima zangu, leo binti wa umri wa kitindamimba wangu ananisahihisha. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemtafuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nimeufunga. Chai kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kusoma. Koma zangu — nakiri, nilizimwaga kama chumvi. Kuna sentensi ya mistari kumi na moja, hata mimi nimepotea katikati. Lakini ajabu: sentensi zisizo na kitenzi kaziacha. Nikampigia. Akasema kanuni zipo kumsaidia msomaji, na hapo msomaji hakwami, mwalimu, tuziache. Mwanafunzi wangu ningempa sifuri!

Halafu akauliza kama kweli mama, ambaye hakukanyaga darasa, alikuwa akiongea kama kamusi. Hakuwa. Nilimnyoosha maneno mimi. Nimeona aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemrudishia mama maneno yake. "We mtoto, kula bwana, maneno hayajazi tumbo." Nimeyasoma kwa sauti hapa mezani, nikacheka, kisha nikalia. Huyo ndiye mama. Binti anaijua kazi yake, sina ubishi tena.

Ijumaa, 7 Machi

Sura ya mwisho. Swali moja tu pembeni, kwa penseli. Sura ya saba najisifu kwamba nilisahihisha mitihani hadi Ijumaa, sikutoka kituoni hata siku moja. Huku mwishoni mama anafariki Alhamisi ya wiki hiyohiyo, nami nimemshika mkono. Anauliza: siku ipi ni sahihi?

Zote mbili. Ila sikuwepo. Walinipigia Jumatano kwamba kazidiwa, nikasema ngoja nimalizie bahasha za mitihani zilizobaki. Aliyekuwepo ni mdogo wangu wa kike. Peke yake.

Asubuhi nzima sikufanya kitu ila kulitazama swali hilo.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwomba mhariri aifanye ile Ijumaa iwe Jumatano, yaishe. Akasema kuibadilisha ni dakika moja, lakini kitabu ni chako, mwalimu, wewe niambie tu siku ya kweli. Nikasema nitampigia. Sijampigia.

Nimeandika ukurasa mwingine, bila mimi ndani. Mfupi. Hauna uzuri wowote. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu kaja ghafla, na ndizi zake mkononi. Anataka kusoma pale mama alipofariki, basi, mengine atasubiri kitabu. Kurasa zote mbili zilikuwa mezani. Nikampa ule wa zamani. Mwoga mkubwa mimi!

Yuko sebuleni, mimi niko jikoni naandika hapa. Anasoma polepole, kidole kwenye mstari. Ningefurahi angegomba.

Kaniita. "Kaka, hebu njoo." Nimechungulia mlangoni. Kavua miwani. Anauliza taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu: nilimshika mkono upi? Maana wa kulia alikuwa kaushika yeye mpaka mwisho, na wa kushoto ulikuwa na dripu.

Nimemwambia subiri, nazima jiko. Jiko lenyewe sijaliwasha.