Mama, Nilimmwagia Simon Maji ya Githeri

Mama,

Nimekaa jikoni kwako, watoto wako shule, na moto nimeupunguza ili maharagwe yachemke polepole. Kuna jambo nililofanya siku ya kukuzika. Dundori yote inalijua isipokuwa wewe, na mimi siwezi kuendelea kupika kwa sufuria zako kabla sijakwambia.

Nilimchoma Simon. Nilimmwagia maji yanayochemka usoni, hapo nje, hatua chache kutoka mahali jeneza lako lilipokuwa limewekwa.

Wacha nianze nyuma kidogo. Unajua nilivyorudi kwako. Kazi ya maua kule Naivasha iliisha, baba ya watoto akazima simu, nikakuja na Tony na Wanja na mabegi mawili. Hukuniuliza kitu. Ulisema tu, "Ingieni, chai iko." Kumbe ulikuwa na kikombe kimoja cha unga ndani ya nyumba. Jioni ile ulichemsha viazi, ukaviponda, ukasongea unga ule ndani yake, na ugali ukatosha watu wanne. Mimi nilishiba nikalala. Sikufikiria viazi vilitoka wapi.

Viazi ulikuwa unaokota kule shamba kubwa. Mzee mwenye shamba alipokuwa hai, lori zikishaondoka alikuwa anawaruhusu akina mama kuingia na mifuko yao, mkaokote vile vidogo na vile vilivyokatwa na jembe la trekta. Alipokufa, wanawe wakaleta meneja. Meneja akaweka waya na mbwa, akaandika askari. Mmoja wa askari hao akawa Simon, jirani yetu, yule uliyemlisha mwaka mzima mama yake alipokuwa amelazwa. Ulifurahi sana alipopata kazi. Ulisema, "Sasa tuna mtu wetu pale ndani."

Siku ile ya Alhamisi nilikuwa nimeteremka Nakuru mjini kutafuta nguo za kufua. Nilirudi saa tisa nikakukuta kwa moto, umejifunga leso kichwani, unaponda mukimo. Thabai, yale majani yanayowasha, ulikuwa umezichuma, majani ya malenge pia, na viazi vilikuwa vingi kuliko siku zote. Mwiko ulikuponyoka mara mbili. Nilidhani ni njaa. Nikaona damu kavu kwenye sikio, nikakuuliza, ukasema, "Niliteleza kwa mtaro. Pakulia watoto."

Uliwapakulia mwenyewe. Uliwaangalia mpaka wakamaliza. Mimi ukanipa ule ukoko wa chini ninaoupenda. Wewe hukula, na mimi sikuona.

Jumamosi hukuamka kuwasha moto. Tulikubeba kwa pikapu ya jirani mpaka hospitali, Jumapili ukaondoka kabla ya saa sita mchana. Daktari alinivuta kando akasema, "Huyu mama hakuteleza. Amepigwa na kitu kizito, mara mbili." Nilimkatalia. Nilimwambia mama yangu hasemi uongo.

Aliyeniambia ukweli ni Mama Shiku, na aliniambia siku ya mazishi yenyewe. Tulikuwa nyuma ya nyumba tunapikia waombolezaji, sufuria ile kubwa ya kanisa iko juu ya mawe matatu, imejaa mahindi na maharagwe ya githeri. Alikuwa ananisaidia kuchochea. Akaanza kulia, akasema hawezi kukuona ukiingia ardhini na hilo neno likiwa ndani yake. Alikuwa na wewe shambani siku ile. Mbwa walipofunguliwa wengine wote walikimbia, wewe peke yako ukakataa kuacha mfuko. Simon akakupiga rungu ya kichwa, ukapiga magoti. Akakupiga tena. Meneja alikuwa getini ndani ya gari, anatazama.

Mama, maneno hayo yalikuwa bado mdomoni mwake, na Simon akaingia. Alikuwa amevaa koti la suti na amebeba gunia la kabichi mgongoni. Alilitua, akaja moja kwa moja kwangu na mkono ameunyoosha, akasema, "Wambui, pole sana."

Nilikuwa nachota maji ya kwanza ya githeri, yale uliyonifundisha kumwaga ili maharagwe yasisumbue tumbo la watoto. Jagi ilikuwa imejaa. Nilimrushia yote. Aliinua mikono kujikinga, yakamshika kwenye mikono na upande mmoja wa uso mpaka shingoni. Nilisikia sauti, kama unapotia mboga kwa mafuta. Ngozi ya mkono wake iliteremka kama ganda la kiazi kilichoiva. Alipiga kelele ambayo sikujua mwanaume anaweza kupiga. Na mimi sikusimama, Mama. Nilivuta kijinga cha moto kutoka chini ya sufuria nikamfuata pale alipoanguka, nikampiga nacho mgongoni, koti likashika moto. Nilitaka afe kabla wewe hujazikwa, mwende pamoja, ukamuulize mwenyewe. Mjomba ndiye aliyenikunja mkono mpaka nikakiachilia.

Kisha tukakuzika. Watu wakaimba, wakala githeri ile. Mimi pia nilikula. Nilikuwa na njaa.

Wazee walikaa, wa kwetu na wa kwa Simon. Mjomba akatoka akasema mambo yameisha: mtu wetu amekufa, mtu wao ameungua, hakuna kwenda polisi, jirani ni jirani. Kesho yake meneja akatuma gunia la viazi na mtungi wa mafuta, rambirambi. Nilitaka kulimwaga lile gunia barabarani. Wanja akaniuliza, "Mathe, hivyo tunapika saa ngapi?" Nilivipika. Nilivimenya vyote kimoja baada ya kingine nikakulaani wewe kwa kuwa mkaidi, nikajilaani mimi kwa kukuletea midomo mitatu.

Baadaye mvua ilikosa, unga ukapanda, viazi vile vikaisha. Nikaanza kupika kama wewe, lakini vibaya. Nilijua ulikuwa ukikaanga kitunguu mpaka kinakaribia kuungua ili mchuzi upate rangi ya nyama, lakini mimi nilikiunguza kabisa. Mashina ya kabichi niliyakata manene, yakawa kama kuni. Siku moja Tony akasukuma sahani akasema thabai ni chakula cha ng'ombe, hata shosho hakuwa anaipika hivyo. Nilimzaba kofi mdomo ukapasuka. Akanitazama damu ikimtiririka kidevuni, hakulia. Ni yale macho ambayo nafikiri ulimtazama nayo Simon. Tangu hapo kila nikishika mwiko, watoto walisogea karibu na mlango.

Mwezi wa tatu akaja Mama Faith, mke wa Simon, na watoto wake wawili. Simon alikuwa amefukuzwa kazi kwa sababu vidole vimeshikana, hawezi kushika rungu wala jembe. Mama Faith alisimama mlangoni hapa akaniambia, "Sikuja kugombana. Mume wangu alimuua mama yako, na wewe umemmaliza mikono. Watoto hawajakula tangu jana. Nipakulie."

Nilimpiga na mwiko. Nilimpiga begani, nikampiga tena shingoni, mbele ya watoto wanne. Hakurudi nyuma hata hatua. Akasema, "Ukimaliza, nipakulie."

Mkono ulikwisha nguvu, Mama. Nikapakua. Sahani hazikutosha, yeye akala kwenye mfuniko wa sufuria, amechuchumaa hapo karibu na kuni, shingo imevimba. Kesho yake asubuhi nilimkuta nje na mzigo wa kuni na mfuko wa thabai, amezichuma bila kitu mikononi, vidole vyekundu. Tukapika. Kesho yake tena.

Sasa tunapikia nyumba zote mbili kwa moto mmoja. Maharagwe tunayachemsha asubuhi nusu saa, tunaepua, tunafunika sufuria na lile blanketi lako kuukuu na kuiweka ndani ya katoni, mpaka saa nane yanakuwa yameiva bila kuni zaidi. Yeye amenionyesha kutia maziwa lala yaliyoganda kidogo kwenye thabai mwishoni, ukali unaisha. Tony anakula sasa. Sisemi tumekuwa marafiki. Kuna siku anapomwita mume wake "Baba Faith" kwa sauti laini, natamani kumsukumia kichwa kwenye moto. Nafikiri yeye pia ana siku zake na mimi.

Simon mwenyewe alikuja wiki iliyopita. Alisimama kwenye ua, hakuingia. Upande ule wa uso umevutwa chini, jicho halifungi vizuri. Nilikuwa namenya viazi, kisu kiko mkononi. Akasema anataka kuniambia ilivyokuwa, kwa sababu wazee hawakumuuliza.

Alisema meneja alimwita kwa jina akamwambia, "Mpige huyo ama uache kazi." Akakupiga. Nikamwambia, "Na ya pili?"

"Ya pili sikutumwa," akasema. "Alipiga magoti akaniangalia. Akaniambia, 'Simon, hivi ni vya watoto.' Nikapiga anyamaze."

Nilipima hatua kutoka kistuli mpaka kwenye ua. Zilikuwa nne. Nilijua mahali ambapo kisu kingeingia, na nilijua hangeweza kukishika na mikono ile. Wanja alikuwa nyuma yangu anaokota maganda, akayaweka kwenye beseni ya mbuzi moja moja. Nikaendelea kumenya. Nilijikata kidole mpaka mfupa nikaendelea kumenya. Simon akabaki amesimama palepale mpaka viazi vikaisha.

Ndipo akasema lililomleta. Juzi yake askari mpya alikuwa amemvunja Mama Shiku mkono kwenye waya uleule, kwa mfuko usiojaa hata nusu. Meneja alikuwepo tena, ndani ya gari lilelile. Simon alisema anataka kwenda kituoni kuandikisha kila kitu, alichofanya na aliyemwamuru. "Najua watanifunga," akasema. "Ya maji nitasema yalimwagika tu, ilikuwa ajali."

Mama, nilikaribia kukubali. Nilifikiria watoto. Nilifikiria jela na Wanja akiwa bado hawezi kujifunga kamba za viatu. Lakini nikaona jinsi itakavyokuwa: wakili wa meneja atamshika kwa uongo huo mmoja, na ukweli wako wote utatupwa nje pamoja nao. Na pia sikutaka iwe ajali. Nilikusudia. Nikamwambia, "Utasema nilikumwagia. Na mimi nitasema hivyohivyo."

Mjomba amekuja hapa mara mbili kutukataza. Amesema nachimbua maiti. Amesema mwanamke mwenye akili hajipeleki korokoroni. Mara ya pili aliinua fimbo, Mama Faith akasimama katikati yetu na sufuria ya uji mkononi, Mjomba akaishusha fimbo yake akaenda.

Tunaenda leo, mimi na Simon na Mama Shiku na mkono wake wa plasta. Wananingoja barabarani. Mama Faith atabaki na watoto wote wanne. Nimemwonyesha mahali unapoficha mahindi ya mbegu, nikamwambia asiyaguse mpaka mvua. Tony nimemweleza ninapokwenda na sababu yake. Nimemwomba msamaha kwa lile kofi. Alisema, "Sawa," na sijui kama ni sawa.

Simon sijamsamehe. Sitaki uje usikie mahali popote kwamba nimemsamehe. Na yeye hajaniomba, wala mimi sijamwomba.

Lala, Mama. Ningependa kukuandikia kwamba sina hasira tena, lakini ningekuwa nakudanganya, na uongo wako mmoja kuhusu mtaro umetugharimu vya kutosha. Nakuahidi hivi: nitasema yote kwa mpangilio, rungu ya kwanza, ya pili, gari getini, jagi, kijinga, na sitaruka langu ili lako lipite. Wakiniachilia, nitakuja kukaa na wewe hapo kaburini. Wakinifunga, nitatumikia kifungo, na siku nikitoka wajukuu wako watajua kwamba mama yao hakujificha.

Mwanao,
Wambui