Hodi Kutoka Kwenye Shuka

Kalisti, rafiki yangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba ile suruali yako ya filamu, yenye tundu gotini, imefika tena Masama. Imekuja na gari la sinema la serikali, nawe ukiwa ndani yake.

Mimi nilishika jembe siku ya kukuzika pale kihambani, shambani kwenu, kati ya migomba yako. Najua ulipo. Jana jioni ukatembea juu ya shuka jeupe la sinema, unajikuna shingo kama ulivyozoea ukitaka kudanganya. Upepo ulipolivuta shuka, uso wako ukapinda, ukanyooka, ukanitazama. Nilijua kwa nini: siku ulipopigwa filamu hiyo nilisimama nyuma ya mashine ya picha, nakukunjia uso ili ucheke. Kujua hakukunisaidia. Nilirudi nyuma hatua moja.

Kwenye filamu bado wewe ni Bwana Mvivu. Mtu ambaye kahawa yake ilipogolewa vizuri hadi majirani wakaonea haya mashamba yao, eti unalala huku wadudu wanakula mibuni! Na sauti si yako. Mkalimani wa gari anakusemea kwenye kipaza sauti kwa Kiswahili cha Tanga. Umekufa Mchagga, umerudi mtu wa Pwani.

Mkeo Anjela hakuja. Alinikabidhi Filipo, yule uliyemwacha tumboni.

"Shemeji, mpeleke amwone baba yake, picha nyingine hatuna. Ila akirudi hapa kuniambia baba alikuwa mvivu, mbege, pombe ya nyumba hii, utaisikia harufu tu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi nikambeba mwanao mgongoni, njia nzima napanga maneno ya kumwambia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukizikosoa sinema hizi? Mimi nilitazama mavazi na miti, wewe ulikuwa na shtaka moja tu: "Watu wa filamu hawana adabu. Mtu anaingia kwa mwenzake kama mbuzi!" Ndiyo maana yule Mzungu mwenye filamu alipokuambia uingie kwa jirani kuomba pombe, ulisimama mlangoni. Akapiga kelele, ingia, ingia. Ukamjibu, "Bwana, hata mvivu amelelewa."

Sehemu hiyo wameiacha ilivyo. Jana mkalimani alisema, "Mvivu anatamani pombe," lakini mimi nilitazama midomo yako. Hodi. Ukatega sikio. Hodi. Ulikuwa umegeukia upande wangu, unangoja, na hakuna aliyekujibu. Miaka yote hii, Kalisti, kila gari linaposimama, unabisha na hakuna anayekujibu.

Nikajibu mimi. "Karibu!" Kwa sauti, mbele ya watu wote. Wakaangua kicheko; bibi mmoja akanishika mkono: "Pole, baba. Huyo hasikii." Mara mashine ya sinema ikazimwa, shuka likabaki tupu, likipepea. Nami nikabaki nalitazama, kana kwamba nimekukaribisha halafu nikakufungia mlango.

Basi pumzika, ndugu yangu. Gari likirudi naahidi nitampeleka tena Filipo, nimwonyeshe midomo hiyo, ajue kwamba baba yake alibisha hodi hata alipokatazwa. Jana sikumwonyesha kitu. Alikuwa amelala mgongoni mwangu tangu filamu ya kwanza, ile ya sabuni.