Tumehamia, na Wapangaji Bado Wamo Ndani

Misunkumilo, Mpanda
Jumapili, baada ya ibada

Mayu mpendwa,

Mwangaluka mayu! Najua barua hii atakusomea mdogo wangu Ngolo. Ngolo, soma taratibu, usiruke maneno, na ukifika mahali pa kucheka mwache mama acheke kwanza ndipo uendelee.

Mgongo wako unasemaje? Dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au ilipotelea njiani? Na mvua huko Ngudu imeshashuka, ng'ombe wakapata majani mapya? Sisi huku tuko wazima wote, mimi, mkwe wako na mjukuu wako Minza. Minza ameota meno makubwa ya mbele, sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha, ili mradi watu wayaone.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya ile simu. Shangazi ameniambia ulikosa usingizi kabisa. Kumbe mtandao ulikata, wewe ukasikia "nyumba" halafu mimi nalia, ukajua imeungua. Haikuungua mayu! Nilikuwa nalia kwa furaha. Tumenunua nyumba! Yetu wenyewe! Ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, na ua ambao nitalima mchicha mpaka niuze. Tangu tulipoteremka kwenye treni hapa Mpanda na godoro letu, tumekuwa watu wa kupanga, kila mwenye nyumba akikohoa sisi tunashtuka. Sasa nikifunga mlango jioni nimefunga mlango wangu. Ila namna tulivyoingia ndiyo habari yenyewe, ngoja nikupe tangu mwanzo.

Aliyetuuzia ni Mzee Seif, mfanyabiashara wa vitenge hapa mjini. Amezeeka, watoto wake wako Kigoma, anataka kuwafuata. Siku ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa nilimuuliza, "Mzee, na wapangaji waliomo?" Akasema, "Hao wasikutie shaka mwanangu, ni watu wastaarabu sana." Mimi nikasikia kwamba wameshaambiwa na wanahama. Hakusema hivyo, lakini mwenye furaha anasikia anachotaka.

Basi kesho yake nikachukua futi yangu ya cherehani, nikaenda kupima madirisha. Nikabisha hodi. Akatoka dada mmoja, mtandio kichwani, tumbo kubwa la kukaribia kujifungua. Jina lake Zuhura.

"Karibu dada. Unamtafuta nani?"

"Nimekuja kupima madirisha."

"Madirisha ya nini?"

"Ya mapazia."

"Mapazia ninayo," akasema, akanionyesha.

Tukatazamana. Nikamuuliza taratibu, "Mzee Seif hajakwambia?"

"Hajaniambia nini?"

Mayu, nilitamani nigeuke futi nijikunje. Ikabidi mimi, mgeni, nimwambie mwenye tumbo lile kwamba nyumba anayolala imeuzwa. Akakaa kwenye kiti cha barazani. Halafu akasema, "Basi ingia ndani upime, kama ni kwako." Sikupima. Nilikunja futi yangu nikaondoka.

Nilipitia dukani kwa Mzee Seif. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Yule mzee akainamisha kichwa kama mtoto. "Mwanangu, nilikwenda kuwaambia mara nyingi. Kila nikifika Zuhura ananiwekea chai. Utamwambiaje mtu habari hiyo na unakunywa chai yake?" Hasira ikaniisha, nikabaki na tatizo.

Maana na sisi tulikuwa tunasukumwa. Mwenye nyumba wetu, Mzee Kapele, anamwoza mtoto wake wa kwanza, bibi harusi anatoka Namanyere, na vyumba vyetu ndimo watakamokaa maharusi. Tangu atusikie tunanunua nyumba alitushangilia kuliko sisi wenyewe. Siku moja nimetoka sokoni nakuta fundi rangi yuko chumbani kwetu, anapaka rangi ya waridi. Kabati letu hakulisogeza, amelizunguka tu! Nikamuuliza Mzee Kapele, "Baba, mbona tumo bado?" Akajibu, "Mmo, lakini mnatoka." Baba Minza akalala na rangi mgongoni.

Kwa hiyo tukakutana wote kwa mwenyekiti wa mtaa. Zuhura alikuja na mumewe Hamisi, kijana mpole anayeuza mitumba kwenye minada, Majimoto na kwingineko. Hamisi hakupiga kelele. Alisema, "Kodi yetu inafika mpaka mavuno, na Mzee Seif analijua hilo. Lakini sisi sio watu wa kung'ang'ania. Nina nyumba yangu Litapunga, kuta zimesimama, mbao ninazo, bati ninazo. Fundi ndiye hayupo. Alichukua kazi nyingine, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Nikipaua leo, kesho nahama."

Unavyonijua tangu mdogo, mayu, nikipata wazo siwezi kukaa nalo. Fundi! Mimi nimeolewa na nani? Mkwe wako anachonga milango na kupaua nyumba za watu mpaka Majimoto huko. Nikatoka pale mbio mpaka karakanani kwake. Alikuwa anapiga randa.

"Baba Minza, twende tukapaue Litapunga."

Aliposikia habari yote akaweka randa chini. "Yaani nimalizie mtu nyumba yake ili niruhusiwe kuingia kwenye yangu? Mimi nimelipa, Kabula. Kila kitu kimeandikwa na mwenyekiti kashuhudia."

"Kimeandikwa, ndiyo. Sasa wewe ndiye utamtoa yule dada na tumbo lile? Nitajie siku utakayomtoa, niende kwetu siku hiyo nisione."

Akachukua randa tena. Akapiga ubao mmoja wote, akapiga wa pili. Mimi nimesimama. Mwisho akasema, hata hajanitazama, "Mbao zake za kenchi ya paa amezipaka dawa ya mchwa?" Nikajua nimeshinda!

Mayu, hiyo siku ya Litapunga ningependa ungekuwepo. Unakumbuka kule kwetu watu wanavyoitana kulima shamba la mtu mmoja, kesho la mwingine? Ndivyo ilivyokuwa, ila kwa nyundo. Mzee Kapele, kwa haraka zake za harusi, alimleta bwana harusi mwenyewe na marafiki zake, vijana wenye nguvu waliokuja na spika ya muziki. Mzee Seif alileta mchele na mbuzi, aibu ilikuwa bado inamla. Baba Minza akawa jemadari. "Nyie, kenchi hiyo imepinda! Nyie mlioko juu, msicheze muziki kwenye ukuta!" Mimi na majirani wa Hamisi tulipika chini ya turubai. Zuhura tulimkataza kazi, akakaa kwenye tofali akichambua mchele kwa nguvu, maana alisema hawezi kupauliwa nyumba huku amekunja mikono.

Jua likielekea kushuka wakapiga bati la mwisho, na kofia ya kilele cha paa. Tukaingia wote ndani kula, sakafu bado ni udongo. Hatujamaliza nyama, tukasikia tone. Halafu jingine. Halafu mvua yote ikaanguka kwa pamoja juu ya bati jipya, hata muziki haukusikika. Vijana wakapiga vigelegele kama wanawake. Hamisi alizunguka vyumba vyote akiangalia juu, anatafuta panapovuja, hakuna! Zuhura alicheka mpaka akashika tumbo, akamwambia Baba Minza, "Shemeji, Mungu akupe." Mkwe wako akajifanya anatafuta misumari. Unamjua tangu alipokuja kutoa posa, akishukuriwa hajui pa kuweka macho.

Pale pale tukapanga. Jumamosi inayofuata, gari moja, kenta ya rafiki yake Hamisi. Itapakia vitu vyetu kwa Mzee Kapele, ivishushe Misunkumilo, ipakie vya akina Hamisi, iende Litapunga. Maharusi waingie kwetu, sisi tuingie kwa Hamisi, Hamisi aingie kwake. Kila mtu akarudi nyumbani anaimba.

Jumamosi ikafika. Vitu vyetu vyote viko juu ya kenta, kitanda, kabati lenye rangi ya waridi ubavuni, Minza amekaa juu ya godoro na kuku wake. Mzee Kapele amesimama na ufunguo mkononi, na nyuma yake shangazi za bwana harusi wameshaanza kufagia. Mara Hamisi anakuja anakimbia kwa miguu.

"Dada, Zuhura amejifungua! Alfajiri. Mtoto wa kike. Wameruhusiwa, wako nyumbani."

Nikaruka nikampa mkono, nikampongeza. Nilipomwona hachangamki ndipo nikaelewa. Mzazi hatolewi nje hovyo kabla ya arobaini, na kule Litapunga sakafu bado mbichi, barabara imejaa maji. Na sisi nyuma yetu chumba kinafagiliwa.

Baba Minza akanitazama, na mimi nikamtazama. Hakusema lolote kuhusu karatasi. Akamwambia dereva, "Twende huko huko."

Tulipofika, Zuhura alikuwa ameketi kitandani, amevaa vizuri, mtoto amefungwa kwenye khanga, na vyombo vyake vimefungwa mlangoni. Alikuwa amepauka kama unga.

"Nitapanda gari," akasema. "Tulikubaliana leo. Nyumba ni yenu."

"Zuhura, lala."

"Dada, mmetupaulia nyumba. Siwezi kuwakalia tena kichwani."

Nikamchukua mtoto mikononi. Mayu, kazito, kana nywele nyingi, kananitazama kama mwenyekiti wa mtaa. Nikasema, "Basi kama nyumba ni yetu, mwenye nyumba ndiye anayesema nani anahama. Mimi nasema huhami. Chukua chumba cha kati, kina joto. Sisi tutakaa hiki cha mbele. Hamisi atalala sebuleni na mitumba yake."

Akaanza kulia. Na mimi nikaanza. Minza akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani tumeshahama au bado?" Watu wote wakacheka, na dereva akaanza kushusha.

Ndivyo tulivyo mpaka leo. Mama yake Zuhura ni marehemu, na mama mkwe yuko mbali na hawezi safari. Kwa hiyo asubuhi anayechemsha maji na kumkanda ni mimi. Siku ya kwanza mikono haikujua pa kuanzia. Halafu ikakumbuka yenyewe jinsi ulivyonikanda wewe alipozaliwa Minza huko Ngudu, ulivyokuwa unabonyeza kiunoni na kunifunga kitambaa tumboni, mimi nalalamika na wewe unasema "vumilia, utanishukuru uzeeni." Zuhura naye analalamika. Nikajisikia nasema maneno yale yale, kwa sauti yako kabisa. Wabeja mayu, asante. Sikuwahi kukwambia.

Usidhani ni raha tupu. Jiko ni moja, mimi napenda dagaa na harufu inamchefua Zuhura. Baba Minza na Hamisi walinuniana kutwa nzima kwa ajili ya mpira wa redioni. Mtoto ana sauti. Lakini nikitoka asubuhi nafagia ua wangu, nasikia ndani watu wanaamkiana, nasema hivi nani aliingia kwenye nyumba mpya akakuta imeshapata joto la watu? Harusi ya Mzee Kapele ilifana, tulialikwa wote, na bibi harusi amesifu sana rangi ya chumba. Lile umbo jeupe lililobaki nyuma ya kabati, amelifunika kwa kalenda.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na wifi, na watoto wao. Shangazi mwambie simu yake ndiyo iliyonikalisha niandike. Mama mdogo wa ng'ambo ya bwawa mwambie sijamsahau, ule mkeka alionisukia ndio uliotangulia kuingia sebuleni. Babu mpe mkono wa heshima, umwambie mjukuu wake sasa ana kizingiti. Ngolo, wewe salamu zako utazipata ukija kusoma ufundi VETA huku kama ulivyosema, usije ukabadili nia.

Mayu, jambo la mwisho. Arobaini ikitimia, akina Zuhura watahamia Litapunga. Baba Minza anawapigia milango sasa hivi, na mimi kila nikiona mlango umekamilika nafurahi na naumia. Chumba cha kati kitabaki wazi. Minza amekiomba akae na midoli yake, nikamkatalia. Rafiki wa Hamisi ameuliza kama tunapangisha, nikamkatalia pia. Kina mwenyewe, ana mgongo unaomuuma na hajawahi kupanda treni. Nimechoka kupangiana tarehe na watu, kwa hiyo yako sikupangii. Chagua siku unayotaka, funga mzigo wako, uje.

Mimi mwanao mwenye mlango wake,

Kabula