Kitambaa Kilichobadilika Chini ya Turubai

Kitete, Tabora.
12 Agosti, 2025.

Mpendwa shangazi Semeni,

Assalaam alaykum, na shikamoo yako ya heshima. Miguu inaendeleaje? Natumaini uvimbe umepungua na unaweza tena kutembea mpaka sokoni Ujiji. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillah, ila vumbi la Agosti limetupa mafua nyumba nzima.

Najua Jumamosi Mama alikupigia simu kwa hasira, akakwambia kaka Adinani amebadilisha kitambaa cha wateja na atapandishwa treni arudi kwako. Shangazi, mwanao hakubadilisha kitu. Nina uhakika, na nimelithibitisha hilo mbele za watu.

Mama alikuwa amefunga turubai jekundu juu ya baraza la duka, jua lisipaushe vitambaa. Ni jembamba, mwanga unapenya. Bi Theodora na wenzake wa Isikizya walikuja kuchagua sare ya harusi, wakakaa hapo hapo barazani. Kaka akawafungulia robota jipya. Wakapenda jora moja, pinki iliyopoa. Kaka naye aliliona pinki. Akapima, akakunja, akatia kwenye mfuko.

Jumamosi wakarudi. Kumbe walipofungua mfuko kwao walikuta kitambaa cheupe pe! Bi Theodora alikataa hata kupanda barazani. Alisimama barabarani juani, kitambaa begani, akipaza sauti: "Sisi tuna harusi, nyie mnatufungia sanda! Nani kafa?"

Mama akatoka mbio, akakitazama, akamgeukia kaka. "Mikono yako ndiyo iliyokunja, Adinani. Pinki ya watu iko wapi?"

"Wallahi ndiyo hii hii," kaka akasema. Basi ndiyo akaharibu kabisa. Wanawake wakaguna, mmoja akamwita tapeli mwenye sura ya ustaadhi. Hapo ndipo Mama alipokupigia.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimejikunyata. Unanijua, shangazi, mbele ya wageni sauti yangu hujificha. Lakini nilikuwa najua jambo. Mtandio wangu wa shule ni wa kijani, na kila nikipita chini ya turubai lile huwa mweusi. Darasani tumesoma kwamba kitu hurudisha machoni mwanga kinaoupata tu. Ukikipa mwekundu peke yake, cheupe hakina kingine cha kurudisha, na cha kijani hakina kitu kabisa. Shida ni kwamba somo lile tunafundishwa kwa Kiingereza. Nilipotaka kulisema kwa Kiswahili, maneno yakanikimbia.

Nikaacha kusema. Nilimvua Bi Theodora kitambaa begani (sijui nilipata wapi ujasiri huo), nikaingiza ncha moja chini ya turubai, nyingine nikaiacha juani.

Laiti ungeona! Kitambaa kimoja, upande wa barazani pinki, upande wa barabarani cheupe, na mpaka wake umenyooka kama umekatwa kwa mkasi. Nikakivuta nje, pinki ikayeyuka. Nikakirudisha, ikarudi. Watu wakasogea karibu.

"We mtoto mchawi?" Bi Theodora akauliza.

"Ni turubai," nikasema. Neno hilo tu.

Akapanda barazani mwenyewe, akautazama mkono wake ulivyogeuka rangi, akacheka mpaka akakaa. "Kumbe siku ile nilijiona nimependeza bure!"

Kitambaa kilikuwa hakijakatwa, kwa hiyo Mama alikibadilisha kwa pinki ya kweli, wakaichagulia juani. Turubai ameliteremsha kwa mikono yake. Na amemwomba kaka radhi mbele ya wale wale waliomsikia akimfokea.

Kaka amesamehe, lakini begi lake bado limefungwa. Anasema wewe mama yake umeshasikia kwamba ni mwizi, na hajui aanzie wapi kukueleza. Ndiyo maana amezima simu. Hakasiriki, shangazi, anaona haya. Piga ya kwangu, namba iko nyuma ya karatasi hii. Mwambie tu kwamba unajua, na kwamba afungue begi.

Msalimie babu Humaidi, na Ummy nimbusie mashavu yote mawili. Mama anakusalimu kwa aibu kidogo. Mwenyezi Mungu akupe afya na akuweke kwa ajili yetu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Taghreed