Hukumu ya Firigisi

Kwako Baba,

Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Hao hawakuwahi kushtakiwa sebuleni kwako pale Malava.

Jumamosi nilikalia kiti cha jaji. Usishtuke, ilikuwa kesi ya maigizo: wanafunzi wa sekondari walikuwa wakishindana kushtaki na kutetea hapa Kakamega. Wakili mmoja aliyepaswa kuwa jaji hakufika, mwalimu akanifuata mimi, mkalimani wa korti. "Mama, wewe unasikianga kesi kila siku. Tuokoe." Sheria niliisomea wapi, unajua. Nilikuwa nakuletea chai ulipokuwa liguru, mzee wa kijiji, ukiamua ugomvi wa mipaka. Mshindi nilimjua mapema: ni yule ambaye ingokho wake, jogoo mnono, alikuwa tayari chunguni.

Siku moja firigisi, haki ya mwenye nyumba, ikakosekana kwenye sahani yako. Kaka akasema ni mimi. Nikafungua mdomo.

"Nyamaza. Mtoto hajiteteangi mbele ya wazee."

Ukahukumu hapo hapo: mwizi wa firigisi hasomeshwi. Nilikuwa kidato cha pili. Mama akalia, wewe ukaitisha sukari ya chai.

Basi Jumamosi akasimama kijana wa upande wa mashtaka. Sauti nzito, kidole juu, wewe kabisa. Mbele yake msichana aliyeigiza mshtakiwa wa wizi wa miwa. Mpaka hapo majaji wenzangu wawili walikuwa wamegawanyika, kwa hivyo karatasi yangu ndiyo ingeamua shule ipi inasonga mbele. Kabla kijana hajauliza swali la pili, nilikuwa nimeshamwandikia mbili kwa kumi. Nilisikia utamu, sikatai.

Msichana akakwama katikati ya maelezo. Kijana akashusha kidole. "Pole pole, dada. Nasikiliza." Akamngoja mpaka neno la mwisho, ndipo akambana.

Nikaitazama ile mbili. Nilikuwa nimemhukumu mtu kabla hajasema, na mwandiko ulikuwa wangu lakini kazi ilikuwa yako. Nikaifuta, nikaandika tisa. Shule yake ikashinda.

Usidhani nimekusamehe. Alama zile zilikuwa za kijana, wewe hukupata hata nusu.

Msichana akanifuata nje, macho mekundu. "Madam, mbona umetuangusha?" Nikaketi naye kwenye ngazi. Alilalamika nusu saa nzima, na mengine yalikuwa ya maana. Sikubadilisha hukumu. Akainuka, akajifuta uso, akasema, "Haya, angalau umenisikia."

Nusu saa, Baba. Mimi siku ile ningalikuomba dakika moja tu.

Bintiyo wa pili