Usije Kumchukua Mumbua

Makindu,
Jumapili jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kama umeshaanza kufunga mzigo, fungua. Usije kumchukua Mumbua. Mtoto wangu anabaki na mimi, na haki nina furaha. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe hukatiza mtu kabla hajafika katikati, kwa hivyo leo utasoma mpaka mwisho. Mgongo unaendeleaje? Na huko Kitui mmepata mvua, ama ni mawingu tu ya kupita? Sisi tu wazima.

Unajua mafuta yalipopanda, nauli ya kutoka Kambu hadi kazini hapa Makindu ilinimaliza. Kupika uji wa shule hakungoji mtu, lazima moto uwake kabla watoto hawajafika. Niliacha boda ya kunifikisha steji, nikawa natembea. Nikaanza kuomba lifti kwa malori ya vitunguu, siku nyingine napata, siku nyingine naachiwa vumbi. Bado mshahara uliishia barabarani. Nikiondoka Mumbua amelala, nikirudi amelala. Siku alipomwita jirani niliyemwachia amlinde "mama" mbele yangu, wala hakujua amekosea, niliingia jikoni nikalia. Ndipo nikakuomba uje umchukue. Nilikuambia ni nauli, lakini kilichoniuma ni hicho.

Sasa sikia Mungu alivyofanya. Jumamosi moja nilibaki kwenye ushirika wa akina mama hapa Makindu. Wakati wa maombi nikasimama, nikaomba wanikumbuke kwa sababu nauli ya Kambu imenishinda. Nikaketi. Akasimama dada mmoja anaitwa Kanini, huuza dawa za mifugo, ananiangalia kama nimemwibia maneno. Kumbe yeye anakaa Makindu na duka analofanyia kazi liko Kambu! Tulikuwa tumeshafumba macho tuombewe, mke wa pasta akasema, "Hebu fungueni macho. Mnamsumbua Mungu na kitu cha kubadilishana funguo?" Wee! Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega.

Tukabadilishana nyumba kweli. Wenye nyumba walinung'unika kidogo, wakakubali. Pikapu moja ilikuja na vitu vyangu ikarudi na vyake, hakuna aliyelipia gari tupu. Nyumba hii ni ndogo kuliko ile, kabati limebaki barazani na kuku wameligeuza kiti, lakini shule naiona nikiwa mlangoni. Naenda kwa miguu, na saa ya mapumziko nakuja kumlisha mtoto mwenyewe.

Aliyeteseka ni mkwe wako Musyoka. Nilimwambia kwa simu tumehama, akajibu "sawa sawa" vile wanaume hujibu wakitazama mpira. Lori lao liliporudi kutoka Mombasa akashukia Kambu, akaingia nyumbani, akavua viatu, akaitisha chakula. Akatoka mama mkwe wa Kanini na sahani ya muthokoi. Na bwana akala! Alipomaliza ndipo mama wa watu akamwuliza, "Na wewe ni mwana wa nani?" Musyoka anasema alitafuta viatu vyake bila kuinua macho. Mimi namcheka mpaka leo, naye amekataa kabisa kuchekeshwa.

Leo baada ya ibada Mumbua alianguka nje ya kanisa, goti likachubuka. Akina mama walikuwa wengi pale, na mmoja alikuwa ameshainama kumwinua. Mumbua akamponyoka, akapita katikati ya sketi za watu wote akilia "Mama! Mama!" mpaka akanipata, akaficha uso shingoni mwangu. Nililia kumshinda. Watu walidhani ni mimi nimeanguka.

Nisalimie Baba, mwambie mjukuu wake bado anaogopa mbuzi. Msalimie shangazi Syombua msusi wa vyondo, na kaka yangu Mutua, aache kumpigia Musyoka simu kumwuliza kama muthokoi ulikuwa na chumvi.

Mama, najua umeshamtandikia mtoto kitanda karibu na chako, na najua barua hii itakuuma kidogo. Usikitandue. Ile nauli ya Kambu sasa naiweka, na shule ikifungwa Desemba tunakuja sote wawili. Kitanda ni kidogo, lakini tutatosha.

Binti yako,
Mwende